Simu moja, wilaya mbili

*Mwandishi wa Hanang na Mbulu anatakiwa apige picha, aandike, atume, kisha awajibu watu mtandaoni hadi usiku. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo inayomjengea imani kwa wasomaji, na ndiyo isiyolipwa.*

Na Mwandishi Wetu

KATESH. Ilikuwa alfajiri ya Jumapili, Desemba 3, 2023. Tope zito lililobeba mawe na magogo lilishuka kutoka Mlima Hanang, likavunja nyumba katika mji mdogo wa Katesh na vijiji vilivyo chini ya mlima, Gendabi kikiwa miongoni mwa vilivyoumia zaidi. Watu wengi walikuwa bado wamelala.

Waandishi wengi wa vyombo vikubwa walikuwa Babati, Arusha au Dar es Salaam. Waliokuwepo ni wakazi wenye simu. Walirekodi barabara zilizogeuka mito ya matope, maduka yaliyofunikwa na magari yaliyobebana. Klipu zikaingia kwenye magrupu ya WhatsApp, zikapanda Instagram, na nchi nzima ikaiona Katesh kabla haijasoma habari yoyote iliyohaririwa.

Kwa mwandishi wa wilayani, siku ya namna hiyo ina kazi nyingi kwa mkupuo. Dawati la makao makuu linataka aya tatu za tovuti sasa hivi, sauti kwa ajili ya redio na picha nzuri kwa ukurasa wa kwanza. Ndugu walioko mikoani wanapiga kuuliza majina. Na kwenye kila grupu alimo, watu wanamuuliza yeye, kwa jina lake, kwa sababu wanajua ndiye mwandishi wa hapa: ni kweli mlima umelipuka?

Mlima umelipuka?

Swali halikuwa la kipuuzi. Hanang, wenye urefu unaozidi mita 3,400, ni mlima uliotokana na volkano, na aliyesoma jiografia ya darasani analijua hilo. Ngurumo na tope kwa pamoja vilitosha kumfanya mtu aliye mbali aamini kwamba mlima umeamka.

Siku iliyofuata Serikali ilitoa maelezo kupitia Msemaji Mkuu wake wa wakati huo, Mobhare Matinyi. Wataalamu hawakuona dalili ya volkano. Sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua, ikazidiwa na uzito, ikameguka na kugeuka tope lililoteremka kwa kasi.

Kati ya swali na jibu hilo ulipita muda mrefu, na uvumi haukuusubiri. Hapo ndipo mwandishi aliyeko eneo la tukio anapokuwa na thamani ambayo hakuna mtu mwingine anaweza kuitoa. Hana utaalamu wa miamba, lakini ana macho. Anaweza kuandika kwenye ukurasa wake: nipo Katesh, ninachokiona ni tope na maji, sioni moshi wala moto, hakuna mtaalamu aliyethibitisha mlipuko, nitarudi saa saba. Kisha saa saba arudi kweli.

Maneno hayo hayafiki thelathini, na dakika mbili zinatosha kuyaandika. Kwa mtu mwenye mama yake Gendabi, yana uzito kuliko klipu hamsini zenye muziki wa huzuni.

Idadi ya waliokufa nayo ilitoa somo lake. Siku ile ile ya Jumapili viongozi wa eneo hilo walitaja vifo 47. Siku zilizofuata idadi ikapita 60, ikaendelea kupanda, na hatimaye ikafika 89. Mwandishi aliyeweka saa na jina la aliyemwambia aliweza kurudi kila siku na idadi mpya, wasomaji wakamfuata. Aliyetupa namba peke yake alionekana mwongo kesho yake asubuhi, hata kama jana yake alikuwa sahihi.

"Nipo Katesh, ninachokiona ni tope na maji. Nitarudi saa saba." Kisha saa saba arudi kweli.

Alikotangulia Michuzi

Waandishi wa Tanzania hawakusubiri kufundishwa jambo hili na kampuni za Marekani. Septemba 2005, Muhidin Issa Michuzi, wakati huo mpigapicha wa gazeti la Daily News, alikuwa Helsinki, Finland, kikazi. Huko huko, kwa kusaidiwa na Ndesanjo Macha, mmoja wa waanzilishi wa kublogu kwa Kiswahili, akafungua blogu yake.

Michuzi hakuacha kazi ya gazeti. Aliendelea kukimbia na kamera kutoka Ikulu hadi uwanja wa mpira, kisha jioni anaweka picha na maelezo mafupi. Watanzania waliotawanyika duniani wakawa wanaingia kila siku kutazama nyumbani. Wakaanza kumwita Ankal, naye akakubali jina. Wakamtumia picha, wakamsahihisha majina ya watu waliomo pichani, wakamuuliza habari za misiba na harusi. Akaiita Globu ya Jamii, na ilistahili jina hilo.

Naona siri yake ilikuwa hapo kwenye jina la Ankal. Gazeti halijawahi kuitwa mjomba. Mtu anayerudi kila siku, anayekubali kusahihishwa na anayejibu, huitwa hivyo.

Majirani nao walishatoa mfano wao. Januari 2008, Kenya ikiwa katika vurugu za baada ya uchaguzi, Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia walikuwa miongoni mwa walioanzisha Ushahidi. Mtu yeyote aliweza kutuma ujumbe mfupi wa maneno kueleza alichokiona, na taarifa ikawekwa kwenye ramani baada ya kukaguliwa. Aliyekuwa na simu ya kitochi alihesabika sawa na mwenye kompyuta. Kwa mkoa huu wa Manyara, hilo la kitochi lina maana kubwa.

Wasikilizaji wa lugha nyingi

Kwa takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), mwishoni mwa 2023 laini zinazotumia intaneti nchini zilikuwa takriban milioni 36. Ni nyingi, na zimeongezeka tangu hapo. Lakini panda kutoka Mbuyu wa Mjerumani hadi Mbulu mjini, endelea Dongobesh na Haydom, kisha teremka Bonde la Yaeda. Utapita mahali ambapo mtandao unashika vizuri, mahali unapokata kila dakika, na mahali ambapo watu wana kilima chao cha kupigia simu.

Wasomaji wenyewe ni wa aina nyingi kupita mahali pengi Afrika. Wairaqw wana lugha ya asili ya Kikushi. Wabarbaig na Wadatoga wengine wana lugha ya Kinailoti. Wanyaturu ni Wabantu. Wahadzabe wa Yaeda wana lugha isiyofanana na nyingine yoyote. Kiswahili kinawaunganisha wote shuleni, sokoni na ofisini, lakini bibi wa Tlawi au mfugaji wa Bassotu akiwa na uchungu hasemi kwanza kwa Kiswahili.

Redio ndiyo iliyowafikia zaidi. Radio Habari Njema ya Jimbo Katoliki la Mbulu inasikika majumbani ambako gazeti halijawahi kufika. Hata hivyo, kanuni za utangazaji nchini zinataka vituo vitumie Kiswahili au Kiingereza. Kiiraqw na Kidatoga vimebaki kwenye nyimbo, kwenye mikutano na sasa kwenye ujumbe wa sauti wa WhatsApp.

Nalitaja hili kwa sababu makao makuu hayalioni. Mafunzo mengi ya mitandao wanayopewa waandishi yanahusu namna ya kuandika kichwa cha habari kinachovuta, saa nzuri ya kuposti na urefu wa video. Mwandishi wa Mbulu ana jambo kubwa kuliko hayo. Akiweka swali kwenye grupu la kijiji na kuomba majibu ya sauti, kwa lugha yoyote, atapata watu ambao hawajawahi kumwandikia mtu wa gazeti maishani mwao. Mzee asiyejua kusoma anashika kitufe cha simu ya mjukuu wake na kusema.

Ndiyo, kusikiliza sauti arobaini ni kazi. Kutafsiri ni kazi nyingine, na lazima aifanye mtu anayeijua lugha, na aliyesema aulizwe kabla ya kutangazwa. Lakini ndizo habari ambazo hakuna mshindani atakuwa nazo.

Sarakasi ilisambaa, barabara ikabaki

Mei 2022, wakati wa mjadala wa bajeti ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, Mbunge wa Mbulu Vijijini, Flatei Massay, alisimama bungeni Dodoma kuilalamikia barabara ya Mbulu–Haydom, iliyoahidiwa kwa miaka mingi bila kujengwa kwa lami. Alipomaliza maneno, akapiga sarakasi mbele ya wabunge wenzake.

Klipu ilizunguka nchi nzima na kuvuka mipaka. Vyombo vya habari vya nje viliitangaza. Watu walicheka, wakaweka maneno yao juu ya picha, wakaigiza.

Sasa jiulize msomaji wa Haydom alipata nini. Haydom ina hospitali ya Kilutheri iliyofunguliwa mwaka 1955, inayopokea wagonjwa kutoka mikoa kadhaa. Kwa mama mjamzito anayeletwa huko masika, barabara hiyo ni suala la kufika au kutofika. Mbunge alitumia mwili wake kusema jambo zito, na sehemu kubwa ya vyombo vyetu vya habari ikabaki kwenye mwili.

Siku ile palikuwa na wasomaji wengi kuliko Mbulu imewahi kupata. Mwandishi wa wilaya angeweza kuwaambia: hii ndiyo barabara yenyewe, hapa ndipo magari yanaponasa, hizi ndizo ahadi zilizotolewa na miaka yake, nileteeni picha za kipande chenu. Kisha arudi bajeti ya 2023, arudi ya 2024, aweke klipu ile ile na kuuliza kilichofanyika. Picha inayosambaa huleta watu mlangoni kwa siku mbili. Asipokuwepo wa kuwakaribisha, wanaondoka.

Mbunge alitumia mwili wake kusema jambo zito, na sehemu kubwa ya vyombo vyetu vya habari ikabaki kwenye mwili.

Mhariri anavuta huku, mwandishi kule

Wahariri wana hoja yao na haifai kudharauliwa. Gazeti linaishi kwa kuuza habari. Mwandishi akimwaga kila kitu kwenye ukurasa wake binafsi mchana, jioni gazeti lina nini cha kuuza? Tena akikosea, jina la gazeti ndilo linalochafuka, na anayeitwa kujieleza ni mhariri.

Woga huo una sababu. Oktoba 2024, TCRA ilisimamisha kwa siku 30 leseni za maudhui ya mtandaoni za Mwananchi Communications, kampuni kubwa ya magazeti, kutokana na katuni ya video iliyohusu watu waliopotea, iliyowekwa kwenye kurasa za The Citizen. Kama kampuni ya ukubwa huo iliguswa, mwandishi wa kujitegemea wa Katesh anajiona wapi?

Sheria anazotakiwa kuzijua ni nyingi. Ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inayoadhibu uchapishaji wa taarifa za uongo. Ipo Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Zipo kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizoanza 2018, ambazo kwa mwenye kuanzisha televisheni ya mtandaoni ziliweka ada zilizofika zaidi ya Sh2 milioni kwa kuanzia, kabla hazijapunguzwa baadaye. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, miezi saba tu kabla ya maafa ya Hanang.

Sheria hiyo ya mwisho inagusa jambo ambalo dhamiri ingepaswa kulijua hata bila Bunge. Baada ya tope la Katesh, picha za miili na za watoto waliopoteza wazazi zilikuwa zikipita mikononi mwa kila mtu. Kuzisambaza kulileta wafuasi. Mwandishi anayezuia picha ya aina hiyo anapoteza watazamaji jioni hiyo, lakini mwezi mmoja baadaye familia ile ile inamfungulia mlango. Kwa maoni yangu hakuna mjadala hapo.

Waandishi nao wana hoja yao. Wengi wa wilayani hawana mkataba. Wanalipwa kwa habari iliyotoka, na isiyotoka haina malipo. Hali hiyo si siri. Januari 2023 Serikali iliunda kamati chini ya mwandishi mkongwe Tido Mhando kuchunguza hali ya uchumi ya vyombo vya habari, kwa sababu kilio kilikuwa kimezidi. Katika mazingira hayo, ukurasa wenye wafuasi elfu ishirini ndio mali pekee ambayo mwandishi anaweza kuondoka nayo gazeti likimwacha.

Kwa mwandishi mwanamke mzigo huongezeka. Katika utafiti wa kimataifa wa UNESCO na Kituo cha Kimataifa cha Waandishi wa Habari (ICFJ) uliofanywa mwaka 2020, asilimia 73 ya waandishi wanawake walioshiriki walisema wamewahi kukutana na ukatili wa mtandaoni unaohusiana na kazi yao. Ukimwambia mwandishi huyo ajibu komenti zote, unamwambia akae apokee matusi. Ana haki ya kufunga, kufuta na kuzima simu, na mhariri wake anapaswa kusimama naye hadharani.

Saa chache, mlango mmoja

Inawezekanaje basi, kwa mtu ambaye asubuhi yuko baraza la madiwani, mchana mahakamani na jioni anaitwa kwenye ajali?

Kwanza aache kuwa kila mahali. Mwandishi mwenye akaunti Facebook, Instagram, X, TikTok, YouTube na magrupu hamsini ya WhatsApp hana wasomaji popote, ana kazi ya kunakili tu. Wilayani Hanang na Mbulu, mlango wenye watu ni WhatsApp, ukifuatiwa na Facebook kwa watu wazima na TikTok kwa vijana. Achague mmoja autunze. Kwingine aweke matangazo tu ya kuwaelekeza watu hapo.

Pili, na hili ndilo wengi wanalikosa, aanze na swali kabla ya habari. Chukua suala la lumbesa. Wakulima wa vitunguu na viazi wanajua mateso ya gunia linaloongezwa kilemba juu hadi linashonwa kama nyumba ya ghorofa, wakati sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Mwandishi anaweza kuandika jambo hili kwa kumpigia simu ofisa mmoja wa Wakala wa Vipimo na mkulima mmoja. Habari itatoka, itasahaulika.

Au anaweza, wiki moja kabla, kuuliza kwenye grupu: gunia lenu wiki hii limejazwaje, limeuzwa shilingi ngapi, na mnunuzi katoka wapi? Leteni picha na jina la mnada. Katika siku tatu ana picha kutoka minada mbalimbali. Anachagua, anapiga simu kwa waliotuma kuthibitisha, anaenda na mzani kwenye mnada mmoja kujionea. Kisha anampigia ofisa akiwa na ushahidi mkononi. Habari ikitoka, anarudi kwenye grupu na kusema: hili ndilo jibu la Serikali, na huyu ndiye aliyekataa kujibu.

Hatua hiyo ya kurudi ndiyo watu wanaikumbuka. Mkulima aliyetuma picha na asisikie tena chochote hatatuma ya pili. Aliyeona picha yake imezaa swali kwa mkubwa, atakuwa macho na masikio ya mwandishi huyo kwa miaka.

Kuhusu muda, nusu saa asubuhi na nusu saa jioni zinatosha siku za kawaida, mradi watu wajue saa zenyewe. Wakijua kwamba Ankal wa Mbulu hujibu saa mbili usiku baada ya taarifa ya habari, watasubiri. Mtu asiyejulikana anajibu lini ndiye anayepigiwa simu saa nane usiku. Siku ya maafa ratiba inavunjika, na hapo mwenzake wa klabu ya waandishi wa mkoa amshikie grupu wakati yeye yuko kwenye tope. Klabu zipo, chini ya mwavuli wa Muungano wa Klabu za Waandishi wa Habari Tanzania (UTPC), na kushirikiana kwa namna hii hakuhitaji mfadhili.

Yapo na mambo ya kukataa. Asiforwadi kitu asichokijua chanzo chake, hata akiambiwa na rafiki. Asiahidi kumtetea mtu. Asipokee kazi ya kumposti mgombea au mfanyabiashara kwenye ukurasa ule ule anaowekea habari, kwa sababu msomaji wa Endasak hana namna ya kutofautisha tangazo na taarifa. Akikosea, asahihishe pale pale alipokosea, juu kabisa, bila kufuta kimyakimya.

Mkulima aliyetuma picha na asisikie tena chochote hatatuma ya pili.

Mtandao ukizimwa

Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa nchini. Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa na ikakaa siku kadhaa. Waandishi waliokuwa wameweka wasomaji wao wote kwenye programu za simu waliamka wakiwa hawana njia ya kumfikia hata mmoja.

Hili linapaswa kubadilisha namna tunavyofikiri. Wafuasi elfu hamsini ni mali ya kampuni iliyoko ng'ambo na ni wa swichi iliyoko mikononi mwa wengine. Namba za simu mia tatu kwenye daftari, kila moja ikiwa na jina, kijiji na kazi ya mwenye namba, ni za mwandishi. Mwalimu wa Gitting, mwendesha bodaboda wa Balangdalalu, muuguzi wa zahanati, mwenyekiti wa kitongoji. Watu hao unaweza kuwapata mtandaoni mwanzoni, kupitia swali la lumbesa au la mvua, lakini lazima wahamie kwenye daftari. Simu ya kawaida ikifanya kazi, habari inapatikana. Redio ikiwa hewani, inatoka.

Si kwamba mtandao hauna kazi: wakati wa tope ulisaidia kufikisha kilio kwa viongozi. Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi wa COP28. Aliikatiza safari na Desemba 7 akafika Katesh. Hadi siku hiyo, vilio vya wakazi vilikuwa vimemfikia kila kiongozi kwa njia ya klipu. Lakini mwishoni mwa 2024, waathirika walipoanza kukabidhiwa nyumba mpya zaidi ya 100 huko Waret, klipu zilikuwa chache mno. Nyumba imekamilika? Maji yapo? Nani alikosa jina kwenye orodha na kwa nini? Maswali hayo hayasambai. Yanahitaji mwandishi ambaye mwaka mzima hakuacha kuzungumza na watu wale wale waliompa picha za kwanza.

Nani alipe

Nimetaja nusu saa asubuhi na nusu saa jioni. Ongeza kusikiliza sauti, kupiga simu za kuthibitisha na kurudisha majibu. Kwa wiki hiyo ni siku nzima ya kazi na zaidi, na haimo kwenye malipo ya mwandishi yeyote wa kujitegemea wilayani. Bando analinunua mwenyewe. Simu ikidondoka kwenye tope, ni yake.

Kisha makao makuu yanachukua klipu aliyoipata kutoka grupu alilolijenga kwa miaka mitatu, yanaiweka nembo, na wafuasi wanaongezeka kwenye ukurasa wa gazeti. Jina lake halimo. Huo ni udhalimu, na hauwezi kuendelea kuitwa desturi ya kazi.

Wahariri na wamiliki wana uwezo wa kuanza na mambo matatu mwezi huu, bila kungoja kamati nyingine wala sheria mpya. Mlipieni mwandishi wa wilaya bando la mwezi. Wekeni jina lake kwenye kila picha na klipu iliyotoka mikononi mwake. Na lipieni ufuatiliaji, yaani habari ya pili na ya tatu, kwa kiwango kile kile cha habari ya kwanza, ili asilazimike kukimbilia tukio jipya kabla hajawajibu watu wa tukio la jana.

Nawe msomaji wa Katesh, Dongobesh au Haydom: mwandishi wa wilaya yako akikuuliza swali kwenye grupu, mjibu, na mwambie pia ulichokiona kwa macho yako na ulichokisikia kwa wengine, kila kimoja kwa nafasi yake. Asiporudi na jibu, mdai.